Kibofu kisichongoja: mazoezi, vidonge au sindano, na mtu wa Lamu aanzie wapi?

Binti Mkomani

Assalamu alaykum. Naandika usiku huu watu wa nyumbani wamelala, kwa sababu mchana jambo hili siwezi kuliandika mtu akiwa karibu.

Nina miaka 51. Kazi yangu ni kushona kofia za vito, zile za nakshi ndogo ndogo za sindano, na kofia yataka mtu atulie. Nikikaa na sindano yangu saa tatu asubuhi, kabla ya adhana ya adhuhuri nimekwisha inuka mara tano au sita. Wala mkojo wenyewe si mwingi. Huja ghafula, haupigi hodi, na ninapofika msalani mkono uko kwenye komeo, hapo hapo hunitoka. Usiku naamka mara tatu, siku nyingine nne. Ngazi za nyumba yetu ni za mawe na zimesimama wima. Mwezi uliopita niliteleza gizani, Alhamdulillahi niliumia goti tu.

Nimeanza kukata mambo. Harusini siendi mpaka nijue choo kiko upande gani. Binti yangu yuko Mombasa, amejifungua, na mjukuu sijamshika mpaka leo kwa kuogopa basi. Ukishavuka kwa boti hadi Mokowe kuna Witu, kuna Garsen, ndipo Malindi, na Mombasa bado. Mtu wa hali yangu atamwambia dereva asimame mara ngapi?

Kliniki moja ilinipa dawa za maambukizi mara tatu bila kunipima, na mara zote hali ilibaki vile vile. Mwezi huu nikaenda kwingine, wakapima mkojo na sukari: hakuna maambukizi, hakuna damu, sukari iko sawa. Daktari akaniambia kibofu changu kinajikaza kabla hakijajaa. Akataja mazoezi, akataja vidonge, akataja sindano ya Botox, dawa ya kulegeza msuli, ambayo hupigwa kwenye hospitali kubwa. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, nikaona haya kuuliza zaidi.

Basi nawauliza waliopitia: kipi kina nafuu ya kweli? Na kwetu sisi ambao kila safari ya daktari mkubwa huanzia gatini, kipi kinabebeka?

Muuguzi Mstaafu (Malindi)

Waalaykumu salaam, mwanangu. Pole, na usione haya hata kidogo. Katika miaka yangu wodini nimewaona wengi, wanawake kwa wanaume, waliokaa na tatizo hili miaka mingi wakidhani ni uzee au ni malipo ya kuzaa. Ni ugonjwa kama presha ilivyo ugonjwa, na una tiba.

Nikueleze kinachotendeka, maana ukikijua hofu hupungua. Kibofu ni mfuko wa msuli. Kwa mtu mzima hubeba kama mililita 400 hadi 500. Kikifika 150 au 200 hupeleka habari ya kwanza kwenye ubongo, nao hujibu, "bado, ngoja." Kwako msuli haungoji jibu. Hujikaza wenyewe mfuko ukiwa na kidogo tu, ndiyo maana unakimbia halafu kinachotoka hakijazi kikombe. Hilo la komeo la mlango nalo linajulikana sana. Kufika mlangoni, kusikia maji yakitiririka, kutia mikono kwenye maji ya baridi, vyote huamsha kibofu cha namna hii.

Kabla hujachagua dawa yoyote, andika daftari kwa siku tatu. Chukua jagi la plastiki lenye mistari ya mililita, liweke msalani. Kila ukienda, andika saa na kiasi kilichotoka, andika ulichokunywa, na utie alama pale ulipovuja. Daktari akiliona daftari hilo ataelewa kuliko ukimweleza kwa saa nzima. Mtu mwenye kibofu kizima huenda msalani hadi mara saba au nane kwa siku, na usiku kuamka mara moja si ajabu.

Swali moja: mkojo hukutoka pia ukikohoa, ukicheka au ukiinua ndoo? Hiyo ni namna nyingine, ya misuli ya chini kulegea, na tiba yake hutofautiana kidogo. Na mkojo unaotiririka mchana kutwa tangu uzazi mgumu ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, nalo hushonwa kwa upasuaji, haufundishwi kwa mazoezi. Nasema haya kwa wengine wanaosoma pia.

Kadzo

Mimi natoka upande wa mto Sabaki, na nataka kuongeza jambo ambalo mtu wa mjini huenda asilifikirie: kichocho.

Nilikuwa na dalili kama zako dada, mkojo wa haraka, wa kidogo kidogo, na tumbo la chini linauma. Nami nilimeza dawa za maambukizi bila kupona. Kisha nikaona tone la damu mwishoni mwa mkojo. Nilipokwenda hospitali kuu ya Malindi, mtu wa maabara akaniuliza nilikulia wapi na kama nimewahi kuoga mtoni. Akaniambia nilete mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu ndio wakati mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Wakayaona kwenye hadubini. Nilipewa prazikwanteli, vidonge vinavyohesabiwa kwa uzito wa mtu, miligramu 40 kwa kila kilo. Hali ikatulia baada ya majuma kadhaa.

Kwa hiyo yeyote aliyelelewa kando ya mto, ziwa au mfereji wa mashamba huku kwetu, apimwe kichocho kwanza. Ukikaa nacho miaka, hukakamaza kuta za kibofu na hata kansa ya kibofu yaweza kuja. Si kitu cha kuchelewesha.

Binti Mkomani

Kadzo, ahsante. Mimi nimezaliwa na kukulia mjini Amu (Lamu), maji yetu ni ya kisima na ya mvua, mtoni sijawahi kuoga. Lakini nitamwambia shemeji yangu wa Witu, maana naye analalamika.

Bi Muuguzi, nikikohoa hainitoki. Ni ile ya ghafula tu. Nimefanya daftari, siku tatu kamili. Naandika ya siku ya pili kama ilivyo:

Alfajiri 210. Saa moja na nusu, 110. Saa mbili na dakika ishirini, 90, nimevuja. Saa tatu na nusu, 100. Saa nne na robo, 80. Na kadhalika, mpaka usiku jumla ni mara 14 mchana na mara tatu baada ya kulala. Kubwa kuliko yote ni ile ya alfajiri.

Nilichokunywa: chai ya maziwa vikombe viwili asubuhi, kahawa chungu mbili saa kumi pamoja na majirani, chai ya rangi baada ya isha. Maji glasi moja tu. Nilikuwa nimejizuia maji tangu mwaka jana nikidhani nikipunguza yatapungua.

Muuguzi Mstaafu (Malindi)

Nimelisoma daftari lako mara mbili. Kuna habari njema ndani yake: alfajiri kibofu kilibeba 210. Maana yake mfuko haujasinyaa, unaweza kubeba. Mchana unakosa utulivu tu.

Sasa hayo maji. Ukijinyima, mkojo huwa mzito, wa manjano iliyokolea, na mkojo mzito huuchokoza msuli ule ule unaotaka kuutuliza. Tena choo hukauka, na choo kigumu kikikaa nyuma ya kibofu hukibana. Rudisha maji, lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, lakini uyasogeze: kunywa zaidi asubuhi na mchana, upunguze baada ya magharibi, na saa mbili kabla ya kulala usinywe.

Chai na kahawa ndizo za kupunguza. Kafeini huongeza mkojo na pia huamsha msuli wa kibofu. Najua kahawa ya saa kumi ni zaidi ya kahawa, ni kikao. Kaa nao, shika kikombe kimoja badala ya viwili, uongeze tende. Ila usikate vyote siku moja, kichwa kitakuuma. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku tatu.

Na miguu yako, huvimba jioni? Mtu anayekaa kitako siku nzima maji hushuka miguuni, akilala hurudi kwenye damu na kuwa mkojo wa usiku. Ikiwa ni hivyo, inua miguu juu ya mto kwa muda wa saa moja wakati wa alasiri, upate kukojoa kabla ya kulala. Kama unameza dawa ya presha ya kukojosha, muulize daktari kama unaweza kuimeza asubuhi.

Fizio wa Pwani

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nafanya kazi na akina mama baada ya uzazi. Niruhusuni niseme kwa urefu kuhusu mazoezi, kwa kuwa watu husikia neno hilo wakadhani ni kitu kidogo kinachotolewa mtu asipopewa dawa. Miongozo ya tiba hii huanza na mazoezi ya kibofu, angalau wiki sita, kabla ya kidonge cha kwanza.

Mazoezi ya kibofu ni kukifundisha kungoja. Daftari lako linaonyesha unakwenda karibu kila saa moja. Basi anza hapo: kila saa moja, kwa saa ya ukutani, uende hata kama hujabanwa. Ukibanwa kabla ya saa kufika, usikimbie. Kukimbia kunakitikisa kibofu na kuuambia ubongo kwamba kuna hatari. Simama ulipo au kaa kwenye kitu kigumu, kaza misuli ya chini haraka haraka mara tano au sita, pumua polepole, na upe akili kazi nyingine. Wewe ni mshona kofia: hesabu vito. Haraka ile ni kama wimbi, hupanda ikafika kileleni kisha hushuka, mara nyingi ndani ya dakika moja. Ikishashuka, ndipo utembee, kwa mwendo wa kawaida. Ukiweza saa moja kwa wiki nzima bila taabu, ongeza dakika 15. Wiki nyingine 15 tena. Lengo ni saa tatu hadi nne. Usiku usijipangie saa, lala.

Misuli ya chini sasa. Kaza kana kwamba unazuia upepo na mkojo kwa pamoja, uvute ndani na juu. Tumbo lilegee, mapaja yalegee, pumzi isikatike. Shikilia ukihesabu hadi tano, ukizoea hadi kumi, legeza muda huo huo. Mara nane, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kusukuma badala ya kuvuta. Ukiweka mkono juu ya kitovu na tumbo likatoka nje, unasukuma. Na usifanye zoezi hili kwa kukata mkojo katikati kila unapokojoa. Jaribu mara moja tu ili uujue msuli, basi.

Ukipata mtaalamu wa kukukagua mara moja utafaidika. Hospitali ya kaunti ya King Fahd pale Lamu, uliza idara ya fiziotherapia siku zao za kliniki. Wengine huenda mwezi mzima wakikaza msuli usio wenyewe.

Mama Watatu (Malindi)

Fizio yuko sawa, lakini niseme ukweli wangu: mazoezi peke yake hayakunitosha. Nilifanya miezi mitatu, nikatoka mara 15 nikafika 11. Nafuu ilikuwepo ila kazi yangu ni kuuza samaki, siwezi kuacha meza sokoni mara 11. Ndipo nikaenda kwenye vidonge.

Cha kwanza kilikuwa oksibutinini. Kilifanya kazi, mkojo ulitulia ndani ya wiki mbili. Lakini mdomo! Ulimi uliganda kama karatasi, nikawa siwezi kumwita mteja bila kunywa maji, na kunywa maji ndiko nilikokuwa nikikukwepa. Choo kikafunga. Nikavumilia miezi miwili nikaacha.

Nikarudi kwa daktari, akanipa solifenasini ya miligramu 5, moja kwa siku. Ni ya ukoo ule ule, mdomo bado hukauka lakini kidogo, nakaa na ubuyu mdomoni. Sasa nakwenda mara saba au nane. Daktari aliniuliza kwanza kama nina presha ya macho, kwa kuwa dawa za ukoo huu zaweza kuizidisha aina moja ya ugonjwa huo, na kama mkojo wangu hutoka wote. Mtu ambaye mkojo wake hubaki ndani, dawa hizi zaweza kuuziba kabisa.

Kuna ukoo mwingine, mirabegroni. Huo haukaushi mdomo. Dada yangu anaitumia. Ila huweza kupandisha presha, naye hupimwa presha kila akienda kuchukua dawa. Aliyefika 180 kwa 110 hapewi. Na ni ghali kuliko zote, ipo miezi ambayo hakuipata Malindi akaagiza Mombasa. Muulizeni mfamasia kama ipo ya jina la kawaida, msitaje ya kampuni, bei hutofautiana sana kati ya duka na duka.

Jambo moja zaidi: msihukumu kidonge kwa wiki ya kwanza. Kipeni wiki nne.

Mzee wa Matondoni

Salamu nyingi. Nasoma nikiona yote ni ya wanawake. Wanaume pia tuko.

Mimi nimeunda majahazi toka ujana, leo nina miaka 68. Mkojo ukiya, huya kwa ghafula kama anavyosema Binti, lakini nikifika hautoki vyema, watona watona, na nikimaliza nahisi mai yamesalia. Nikadhani ni kibofu kama hiki. Mwanangu alitaka kuninunulia vidonge kwa rafiki yake. Bahati njema nalikwenda hospitali kwanza. Wakanipiga picha ya altrasaundi baada ya kukojoa, wakaona ndia ya mkojo imebanwa na tezi dume na mkojo wabaki ndani. Daktari akasema, lau ningemeza vile vidonge pekee, ningeweza kuzibika. Nilipewa dawa ya kulegeza ndia kwanza.

Na vijana wa maskani wasikie: miraa nayo yaubana mkojo, usitoke vyema. Mimi naliacha.

Nuru

Kuhusu sindano. Dada yangu mkubwa yuko Nairobi, alipigwa Botox ya kibofu baada ya vidonge vya aina mbili kushindwa. Nilikuwa naye siku ile.

Huingizwa kamera nyembamba kwa njia ya mkojo, kisha dawa huchomwa kwenye kuta za kibofu kwa vituo vingi vidogo, yuniti 100 kwa jumla. Hakulazwa. Alisema ilikuwa kama kubanwa kwa nguvu, si maumivu ya kupiga kelele. Wiki ya pili akaanza kuona tofauti, na ikamchukua karibu miezi minane kabla hali haijarudi. Akapigwa tena.

Lakini kabla ya kupigwa walimfundisha jambo moja, na hawakumpa tarehe mpaka aliweze: kujitia mpira wa mkojo mwenyewe. Kwa sababu kuna watu ambao msuli hulegea kupita kiasi, mkojo ukagoma kutoka, wakalazimika kutumia mpira kwa wiki au miezi. Yeye hakuhitaji. Maambukizi yalimpata mara mbili, akatibiwa.

Ipo pia tiba ya sindano nyembamba juu ya kifundo cha mguu. Umeme mdogo hupitishwa kwenye neva inayopanda hadi kwenye neva za kibofu. Ni nusu saa kila mara, mara moja kwa wiki, wiki 12. Haina dawa inayoingia mwilini. Dada aliitajiwa lakini kazi haikumruhusu kwenda kila wiki.

Binti Mkomani

Nimekaa na majibu yenu siku mbili. Nimeyapima kwa kipimo changu mwenyewe, cha kuvuka.

Mazoezi: navuka mara sifuri. Fizio yuko hapa kisiwani, saa ya ukutani iko nyumbani. Gharama yake ni subira, na subira ya mshona kofia haipungui miezi miwili kwa kofia moja.

Vidonge: kuvuka mara moja au mbili kuandikiwa na daktari wa njia ya mkojo au wa wanawake, kisha dawa yaweza kuletwa na mtu. Lakini nimeona ni jambo la kila siku, labda miaka, na fedha ya kila mwezi.

Sindano ya kifundo: mara 12 kwenda, mara 12 kurudi. Kwa aishiye Mombasa sawa. Kwangu haiwezekani, isipokuwa nikakae kwa binti yangu miezi mitatu.

Botox: safari moja ndefu kila baada ya miezi minane au tisa, na hofu yangu si sindano. Hofu yangu ni usiku wa manane mkojo umegoma nami niko ghorofani Mkomani, gari haliingii vichochoroni petu, punda hawezi kunishusha ngazi. Nitakuwa sina budi kujua ule mpira.

Kwa hiyo naanza na mazoezi na kahawa kikombe kimoja. Nitahesabu wiki.

Lakini kuna jambo linaloniumiza zaidi kuliko basi. Ni swala. Natawadha, nikifika kwenye msala imenitoka tone. Narudi. Natawadha tena. Isha moja nimetawadha mara nne nikalia. Ramadhani iliyopita tarawehe sikwenda hata usiku mmoja.

Maalim wa Langoni

Dada yangu, usilie kwa jambo ambalo sharia imelifungulia mlango.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu mwambao huu, mwenye kutokwa na mkojo pasi na kujizuia ana hukumu yake. Wakati wa swala ukiingia, ajioshe, aweke kitambaa safi au pedi, atawadhe, kisha aswali bila kukawia. Kitakachomtoka baada ya hapo bila hiari yake hakimharibii swala ile. Udhu huo ni wa faradhi moja, pamoja na sunna atakazo. Faradhi inayofuata atatawadha upya.

Hilo ni la yule ambaye hapati muda wa ukavu unaotosha udhu na swala. Wewe kwa maelezo yako wapata muda huo, hutoki mfululizo. Basi ungoje muda wa ukavu ndani ya wakati wa swala, uswali hapo. Na ule wasiwasi wa "huenda limenitoka" usiufuate pasipo yakini. Hali za watu hazilingani, kwa hiyo nenda kwa sheikh unayemwamini, au umtume mkewe akuulizie ikiwa una haya, umweleze kama ulivyotueleza sisi.

Tarawehe ni sunna, na nyumbani pia huswaliwa.

Mjukuu wa Shela

Samahani naingilia. Bibi yangu ana miaka 77, anatumia oksibutinini mwezi wa pili sasa. Mkojo umepungua. Lakini tangu hapo amekuwa akinichanganya na mamangu, na juzi aliuliza babu amekwenda wapi, naye babu alifariki zamani. Tulidhani ni umri. Nilipomsoma Mama Watatu nikashtuka. Je, yaweza kuwa dawa?

Muuguzi Mstaafu (Malindi)

Mjukuu, yaweza. Dawa za ukoo huo, na oksibutinini hasa, huingia hadi kwenye ubongo, na kwa wazee huleta kuchanganyikiwa na kusahau. Huzidi akiwa anameza na dawa nyingine zenye tabia hiyo, hata baadhi ya dawa za mafua na za mzio. Kusanya dawa zake zote mfukoni, na za dukani pia, mpeleke kwa daktari kesho, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Mwambie lini alianza kidonge na lini alianza kusahau. Daktari aweza kuisimamisha au kumbadilishia. Na apimwe mkojo, kwa sababu maambukizi nayo humchanganya mzee.

Kwa wakati huu mwekee ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda, na taa ndogo isiyozimwa. Wazee wengi huvunjika nyonga wakikimbilia choo usiku.

Binti Mkomani, nimekumbuka: kama hedhi imekoma, muulize daktari wa wanawake kuhusu krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Kukoma kwa hedhi hukausha na kudhoofisha ngozi ya njia ya mkojo, na krimu hiyo husaidia ile haraka kwa baadhi ya wanawake. Inakwenda sambamba na mazoezi bila shida.

Mjukuu wa Shela

Tumekwenda King Fahd. Dawa imesimamishwa, mkojo amepimwa, hauna maambukizi. Leo ni siku ya tisa. Asubuhi ameniita kwa jina langu na kuniuliza kwa nini sijala. Ahsante Bi Muuguzi. Sijui niseme nini zaidi.

Binti Mkomani

Narudi baada ya wiki tisa, kwa kuwa niliahidi kuhesabu.

Wiki mbili za kwanza sikuona kitu. Siku ya tano nilitaka kuacha kabisa. Nilisimama katikati ya ukumbi nikikaza na kuhesabu, na bado ikanitoka. Fizio wa hapa alinikagua, kumbe nilikuwa nasukuma, kama mlivyosema. Wiki ya tatu ndipo nikaliona lile wimbi likishuka kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na kofia mkononi, nimefika kito cha thelathini na moja, nikahisi limeondoka. Nikabaki nimekaa. Nikamaliza mstari.

Sasa nafika saa mbili na nusu. Si kila siku. Siku ya kahawa mbili hali hurudi, nimejifunza. Krimu nimeandikiwa wiki iliyopita. Vidonge sijaanza, daktari amesema tutazame mwezi mwingine.

Jumamosi nilivuka. Nilivaa pedi, nikabeba leso ya akiba na suruali moja ndani ya mkoba, nikakaa kiti cha njiani. Nilikunywa maji kama kawaida mpaka alfajiri, chai sikuigusa. Witu basi liliposimama sikushuka. Kabla ya Garsen kulikuja wimbi kubwa, nikakaza, nikahesabu vito vya kofia ambayo sijaianza. Garsen nilishuka pamoja na abiria wengine, nikapanga foleni ya choo kama wao.

Mtoto ana nywele nyingi. Nimemshika.

Muuguzi Mstaafu (Malindi)

Allahu akbar. Na usiku unaamka mara ngapi?

Binti Mkomani

Mara moja. Siku nyingine mbili. Miguu naiinua alasiri.